Soma Chapa Kabla ya Kushika Msasa

Hotuba kwa wafanyabiashara wadogo wanaozungumza Kiswahili, Pittsburgh, Pennsylvania

Wazee wangu, shikamooni. Dada zangu, kaka zangu, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie visu vya kukunja, vile vya mfukoni, na nimekubali kwa moyo mmoja kwa sababu naijua kazi yenu. Wengi wenu mnahamisha na kusafisha nyumba za watu waliofariki, au wazee waliokwenda kuishi kwa watoto wao. Kwenye droo ya jikoni, ndani ya kopo la misumari gereji, kwenye mfuko wa koti lililoning'inia tangu mwenye nyumba alipokufa, mnakuta kisu. Kinakwenda kwenye boksi moja na vijiko na funguo zisizo na kufuli, halafu Jumapili kinauzwa gulioni dola tano. Au, na hili ndilo linaloniuma zaidi, mtu mwenye nia njema anakipeleka nyumbani, anakisugua kwa msasa mpaka king'ae, anakinoa, kisha anashangaa mnunuzi anakirudisha mezani bila hata kuuliza bei.

Kwa hiyo ombi langu kwenu leo ni hili: kisu kisomwe kwanza. Usikinoe, usikisugue, usikitie mafuta ya breki, mpaka umejua ni cha nani, cha lini, na kimebaki na nini. Chuma kilichoondoka hakirudi, na mkusanyaji wa visu vya zamani analipia kile ambacho bado kipo.

Kisu kinasomwa wapi? Fungua bapa kubwa mpaka mwisho, taratibu, kwa kucha. Angalia pale bapa linapoingia kwenye mpini, kile kipande kifupi kisicho na makali. Mimi hukiita shina la bapa. Hapo ndipo kiwanda kiligonga jina lake. Ukikuta uchafu mgumu umeziba maandishi, tia tone la mafuta mepesi ya mashine, acha usiku kucha, kesho futa kwa kitambaa laini na kijiti cha mbao. Kisha chukua lenzi ya kukuzia na simu yenye tochi, lakini tochi uiweke pembeni, mwanga upite juu ya chuma kwa kukilalia. Maandishi yaliyofifia hujitokeza kwa kivuli chake.

Sisi wa hapa tuna bahati ya mahali. Mwendo wa saa tatu hivi kwa gari, kaskazini mashariki, upo mji mdogo wa Bradford, makao ya W.R. Case & Sons. Ukoo wa Case ulianza biashara ya visu mwaka 1889 katika jimbo la New York, kampuni ikahamia Bradford mwaka 1905, na hadi leo inatengeneza visu huko. Tangu 1993 ni mali ya Zippo, majirani zao wa Bradford wanaotengeneza viberiti vya chuma. Baba na babu wa nyumba mnazohamisha, waliofanya kazi viwandani na migodini, walibeba Case. Kwa hiyo ukijifunza kampuni moja tu katika maisha yako, jifunze hiyo.

Hiki nilichoshika ni cha Case. Naomba kipite mkono kwa mkono, lakini msiguse bapa kwa vidole, jasho lina chumvi. Kwenye shina la bapa moja pameandikwa CASE XX, chini yake U.S.A., na chini kabisa kuna nukta tano. Kuanzia mwaka 1970 kampuni iliweka nukta kumi, na kila mwaka uliofuata ikaondoa moja. Toa idadi ya nukta katika 80, utapata mwaka. Nukta tano: 75. Kisu hiki ni cha mwaka 1975. Mwaka 1980 walianza upya na nukta kumi, ila herufi S ikabadilika, ikawa nyembamba yenye kona kali mithili ya radi. Basi ukiona S ya radi, toa nukta katika 90.

Kisu kisicho na nukta kikiwa na CASE XX U.S.A. ni cha kati ya 1965 na 1969. Kikiwa na CASE XX tupu, bila jina la nchi, ni cha 1940 hivi hadi 1964. Na kikiandikwa CASE TESTED XX, simama. Kaa chini. Hicho ni cha kati ya miaka ya 1920 na karibu 1940, na hata kikiwa kimechakaa usikitie kwenye boksi la vijiko. Angalizo moja: baada ya 1990 kampuni imeendelea kubadilisha chapa, ikaandika mwaka mzima, ikarudi kwenye nukta, ikachanganya nukta na herufi x. Chapa yenye neno BRADFORD, PA inaweza kuwa ya enzi hiyo mpya au ya miaka ya mwanzo kabisa ya kampuni; msiihesabu kwa ile kanuni ya 80.

Sasa geuzeni kisu upande wa pili wa shina. Kuna namba: 6254. Tarakimu ya kwanza inataja mpini. Sita ni mfupa uliochongwa vishimo, tano ni pembe ya kulungu, tatu ni plastiki ya njano, mbili ni plastiki nyeusi laini. Tarakimu ya pili ni idadi ya mabapa, hapa mawili. Zinazobaki ni umbo lenyewe: 54 ndilo umbo la wategaji wa wanyama wa manyoya, mabapa mawili marefu yanayolingana, moja lenye ncha kali na jingine lenye ncha butu la kuchunia ngozi bila kuitoboa. Kwa hiyo kabla hujaangalia kitu kingine chochote, tarakimu nne na nukta tano zimekwambia mwaka, mpini, mabapa na kazi. Sijui bidhaa nyingine ya dukani inayojieleza hivi.

Lakini msiamini namba peke yake. Miaka hiyo mfupa mzuri ulikuwa ukipatikana kwa shida, na kiwanda kikatumia plastiki ngumu iliyochongwa kufanana na mfupa huku namba ikibaki ileile 6. Inamisheni mpini chini ya taa. Mfupa una vitundu vidogo sana na vijistari vyeusi, njia za damu za mnyama alipokuwa hai, na rangi yake haijalingana. Imekolea kwenye vishimo na kupauka kwenye matuta yaliyoguswa na mfuko. Plastiki ina rangi moja kotekote. Kuna watu watakwambia uchome kwa sindano ya moto ujue. Msifanye hivyo. Ni kukitia kisu kidonda ili kujua jibu ambalo macho yangekupa bure.

Viwanda vingine nitavipitia kwa haraka. Schrade ina kanuni nyepesi: kisu kilichoandikwa SCHRADE CUT CO. ni cha kabla ya 1946 hivi, SCHRADE-WALDEN ni cha kuanzia hapo hadi mwaka 1973, na baadaye SCHRADE U.S.A. Kiwanda chao cha Ellenville, New York, kilifungwa ghafla mwaka 2004, jina likauzwa, na visu vinavyobeba jina hilo sasa vinatengenezwa kwingine. Camillus nao walifunga mwaka 2007 yakawapata yaleyale. Jina kwenye shina ni mwanzo wa kusoma, angalieni na nchi.

Nchi yenyewe husaidia hata kwa visu vya Ulaya. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890, iliyoanza kutumika 1891, ilidai bidhaa za nje ziandikwe zilikotoka. Kisu cha Sheffield, mji wa visu wa Uingereza, kilicholetwa hapa na kuandikwa jina la mji tu, bila ENGLAND, kinaweza kuwa cha kabla ya hapo. Nasema kinaweza, kwa sababu vilivyouzwa kwao havikuhitaji neno hilo. Kwa Sheffield tafuteni nyota na msalaba wa Malta wa Joseph Rodgers & Sons, au I*XL ya George Wostenholm. Rodgers walikuwa wakihudumia ufalme, na herufi za mfalme au malkia ziligongwa pamoja na jina: V R ni Malkia Victoria, aliyefariki 1901.

Kwa visu vyekundu vya Uswisi, vingi mtakavyookota ni vya karibuni na bei yake ni ndogo. Tafuteni vya jeshi. Kisu cha askari cha muundo wa mwaka 1961, chenye mpini wa aluminiamu ya kijivu na ngao ndogo ya Uswisi, kimegongwa tarakimu mbili za mwaka kwenye shina. Kilitolewa hadi 2008. Vya kwanza kabisa, vya muundo wa mwaka 1890, vina mpini wa mbao nyeusi, na vilitengenezwa Solingen, Ujerumani, kwa kuwa Uswisi yenyewe haikuwa na kiwanda cha kuvitoa kwa wingi. Karl Elsener, mwanzilishi wa Victorinox, alianza kulipelekea jeshi visu vyake mwaka 1891. Ukikuta cha mbao, usikichokonoe hata uchafu wake kabla hujamwonyesha anayevijua.

Na kwa sababu naona wazee wangu waliokulia nyumbani, nitataja Okapi, kile chenye mwezi na nyota mpinini na pete ya kufungulia. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya soko la makoloni yake ya Afrika, kikabeba jina la mnyama wa misitu ya Ituri, na tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Kilichogongwa jina la Ujerumani ndicho cha kuweka kando. Hakitawatajirisha, lakini ni kisu kilichotumiwa na watu wetu na kinastahili kutunzwa na watu wetu.

Sasa hali ya kisu. Hapa ndipo bei inapoamuliwa, kuliko hata jina. Bapa lililonolewa miaka thelathini linakuwa jembamba, na umbo lake linapotea. Fungeni kisu, mtazame ncha: je, imezama ndani ya mpini kama ilivyokusudiwa, au inachomoza? Bapa likipungua kwa kinoo, mtu hulifaili karibu na shina ili lizame tena, na alama ya tupa huonekana. Wakusanyaji wa Marekani wamezoea kupima kwa kiasi cha bapa kilicholiwa: kikipotea asilimia 10 bado kinaitwa kizuri sana, kikifika robo kinashuka ngazi, kikifika nusu ni cha kujazia pengo tu. Juu ya hivyo vyote ni kile kisichowahi kunolewa, ambacho ukikielekeza kwenye mwanga bado unaona mistari midogo ya jiwe la kiwandani. Mistari ile ndiyo mnaifuta kwa msasa.

Fungueni na kufunga, msikilize. Kisu kizima kina springi yenye nguvu: bapa linafika mwisho na kulia "tak", likifunguka halitikisiki kushoto wala kulia. Kikiwa kimya au kimelegea, punguzeni bei. Weusi na ukijivu wa feleji ya zamani si ubaya, ni rangi ya umri, iacheni. Kutu nyekundu inayokula ndiyo adui. Isimamisheni kwa mafuta na kitambaa, basi.

Kuna mpini mmoja wa hatari nao ni wa seluloidi, plastiki ya zamani iliyotengenezwa kwa rangi nyingi za kupendeza, nyingine za mawimbi na nyingine za kumetameta. Ikizeeka huoza na kutoa mvuke wenye asidi, mabapa yakashika kutu, na visu vilivyolala jirani nao vikaambukizwa. Pia hushika moto upesi mno. Ukiona nyufa ndogo ndogo, jasho lenye kunata au harufu kali, kitengeni peke yake mahali penye hewa. Na kisu chochote kisihifadhiwe ndani ya ala ya ngozi. Dawa za kutengenezea ngozi hula chuma polepole.

Kuhusu bandia. Panapo pesa, pana bandia, na bandia mbaya zaidi hutengenezwa kwa vipande halisi: bapa la kisu kimoja, mpini wa kingine, ribiti mpya. Tazameni vichwa vya ribiti. Je, vinang'aa wakati mpini umechakaa? Chapa iliyogongwa na kiwanda imezama na kingo zake zimelainika pamoja na chuma kilichoizunguka. Chapa kali, nyembamba, iliyochorwa kwa umeme juu ya chuma chenye mashimo ya kutu, imewekwa jana. Mabapa mawili ya kisu kimoja yanapaswa kuzeeka pamoja.

Remington watawafundisha somo hili vizuri. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kampuni hiyo ya bunduki iliingia kwenye visu, ikavitengeneza Bridgeport, Connecticut, kuanzia 1920 hadi 1940. Vile vyenye risasi ndogo ya chuma iliyopachikwa mpinini ndivyo watu wanavyovigombania, hasa R1123. Cha asili kikiwa safi huvuka dola elfu moja. Lakini tangu 1982 jina hilohilo na namba hiyohiyo vimerudishwa sokoni kwa matoleo ya kumbukumbu, na hayo huuzwa kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Si ya bandia, ni halali kabisa. Ubaya unaanza pale mtu anapoyachakaza makusudi na kukuuzia kwa bei ya babu yake.

Ndugu zangu, kuna mpini mmoja ambao siwezi kuupita haraka. Ni wa pembe ya ndovu. Katika karne ya 19, Rodgers wa Sheffield walikuwa na ghala la pembe lililosifika Uingereza nzima, na Connecticut viwanda vilikata pembe kwa ajili ya vibao vya piano, hata mji mmoja ukaitwa Ivoryton. Pembe nyingi zilitoka kwetu. Zilibebwa mabegani kutoka Manyema na Ujiji, zikapita Tabora, zikafika Bagamoyo na kuvushwa Zanzibar. Sisi ni wajukuu wa waliobeba, na wa waliowalazimisha kubeba pia. Kenya ilichoma tani 12 mwaka 1989 na tani 105 tarehe 30 Aprili 2016, ili dunia ielewe kwamba pembe haina bei.

Kwa hiyo mkikuta mpini mweupe wa manjano, mzito, laini, usio na vitundu vya mfupa, simamisheni biashara hapo. Plastiki ya zamani iliyoiga pembe ina mistari iliyonyooka na kulingana mno. Pembe ya kweli ina nyuzi zisizolingana. Tangu Julai 2016 Marekani imepiga marufuku karibu biashara yote ya pembe ya ndovu wa Afrika kati ya jimbo na jimbo, isipokuwa vitu vichache, vikiwemo vya kale vilivyothibitishwa kuwa na zaidi ya miaka 100. Uingereza sheria yao ya 2018 ilianza kutumika Juni 2022. Na msithubutu kukiweka kwenye mzigo wa kwenda Nairobi au Dar es Salaam kumpelekea mjomba zawadi. Huko kukutwa na pembe bila kibali ni kosa la jinai. Mimi mwenyewe siuzi pembe hata ile inayoruhusiwa. Hilo ni la kwangu, simlazimishi mtu.

Twende kwenye bei. Mtu akiandika mtandaoni kwamba anauza kisu dola 900, hiyo ni ndoto yake. Angalieni vilivyokwisha kuuzwa. Masoko ya mtandaoni na nyumba za minada huonyesha. Tafuteni vitatu au vinne vyenye chapa ileile, namba ileile, mpini uleule na hali inayofanana. Cha mpini wa mfupa mwekundu na cha mfupa wa kahawia vinaweza kupishana sana. Boksi la kiwandani na karatasi zake huongeza pesa, kwa hiyo msitupe makopo na maboksi ya karatasi yaliyoko kwenye droo ileile.

Na bei ya kununulia? Hapa naomba mnisikilize kwa makini zaidi. Mjane akikuuliza, "Hiki kina thamani?", mwambie ukweli. Mpe sehemu ya haki, au kiuze kwa niaba yake ukate ujira wako mkiwa mmekubaliana kwa maandishi. Umeingia nyumbani kwake kwa kazi, amekuonyesha mpaka chumba cha marehemu. Kumnunulia kisu cha dola mia nne kwa dola kumi huku unajua ulichoshika ni wizi, hata kama amekushukuru.

Ukiuza, usiuze boksi zima kwa mkupuo kabla hujasoma kila shina. Piga picha pande zote mbili kikiwa wazi na kikiwa kimefungwa, chapa kwa karibu, namba kwa karibu, na kila ufa. Andika kasoro kabla ya sifa. Mnunuzi aliyeonywa kuhusu ufa hatarudisha mzigo, na mara ijayo atanunua bila kuuliza. Visu vya kawaida viende mtandaoni. Kile cha pekee kipelekeni kwenye maonyesho ya wakusanyaji au mnada wa visu, mahali ambapo watu wawili wanaokijua watakutana na kushindana.

Usafirishaji una sheria zake. Kisu kinachofyatuka kwa kubonyeza kitufe kinabanwa na sheria ya shirikisho ya 1958 na posta haikipokei. Kisu cha kawaida cha kufungua kwa kucha hakina tatizo. Kifungeni kwa mpira, kisha karatasi, kisha boksi gumu. Kwa Uingereza, mtu anaruhusiwa kutembea na kisu cha kukunja ambacho bapa lake halijikazi kwa kufuli likifunguliwa, chenye makali yasiyozidi inchi tatu, ndiyo maana vidogo huuzika zaidi huko. Na ndani ya ndege, kisu hakiingii kwenye mkoba wa mkononi. Nimeona mtu akinyang'anywa kisu cha baba yake kwenye ukaguzi na machozi yakimtoka.

Mezani nimepanga visu kumi na viwili, lenzi nne na taa mbili. Vitatu kati yake vina kasoro nilizozitaja leo, na kimoja ni cha kuunganishwa. Njooni kwa makundi ya watu wanne wanne, wazee watangulie. Kila mmoja asome shina, aseme mwaka, aseme mpini, aseme angelipa kiasi gani, na tutabishana hapohapo.